Bobini Ikiisha, Simama

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali sakafuni, miguu umeipandisha juu ya kiti, na watoto wanapita wakikuruka kama gunia la mkaa, usione haya. Mimi nimewahi kulala hapo. Dari ya nyumba yangu ya mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, naijua kuliko ninavyoujua mlango wake, na nakumbuka kila ubao ulioanza kuliwa na mchwa. Nakuandikia wewe, kwa sababu wakati ule nilitafuta sana mtu aliyekwisha kupita humo anieleze mambo yanakwendaje, nikaambulia wauza mafuta ya kuchua.

Sitakueleza habari za pingili za mgongo na mishipa. Mimi nilielezwa, nikaitikia "ndiyo, ndiyo," nikatoka kwa daktari sijui hata kimoja. Nitasema niliyoyaona kwa mwili wangu.

Naitwa Rajabu, ni fundi cherehani. Tangu nina miaka ishirini na miwili nimeketi barazani mbele ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja hapa mjini Dodoma, nashona suti na kanzu. Kwetu ni Kondoa, kule milimani. Kwa mama yangu tulizaliwa saba, na wa kiume aliyebaki hai ni mimi peke yangu. Nilitoka kijijini kwa sababu moja tu: nilichukia jembe. Nilimwona baba akilima, nikamwona mama akipalilia ulezi kutwa nzima, nikajiapiza kwamba mimi nitakula kwa kazi ya kukaa kitako. Na nilikaa kweli.

Mpaka leo nikiikumbuka ile baraza ya zamani moyo unalainika. Tulikuwa mafundi wanne kwenye safu moja, cherehani za kukanyaga kwa miguu, redio moja juu ya dirisha, na harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya mkaa. Jirani yangu alikuwa Yohana, Mgogo wa Mvumi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Wakati wa vikao vya Bunge kazi zilifurika, kila mtu anataka suti yake juzi. Tulishindana kimya kimya, na kitu tulichoshindania, utacheka, kilikuwa kutoinuka. Fundi mzuri pale barazani ni yule ambaye kila kitu chake kiko karibu na mkono. Uzi kushoto, mkasi kulia, chaki sikioni, na pasi nyuma juu ya sanduku, unageuza kiuno tu unaichukua bila kuacha stuli. Hata chai tuliletewa tulipokaa. Yohana alizoea kuwaambia wateja, "Huyu Rajabu akishakaa, adhana tu ndiyo inamwinua." Nami nilivimba kichwa kwa sifa hiyo kwa miaka karibu thelathini.

Ilikuwa kipupwe, ule wakati upepo wa Dodoma unakutia mchanga hadi kwenye meno. Niligeuka kuchukua pasi, kama nilivyogeuka mara elfu na elfu. Kiunoni kitu kikaachia, kama mshono wa suruali ya mtu mnene anayechuchumaa. Pasi niliirudisha vizuri sandukuni, nakumbuka, kwa sababu niliogopa kuunguza suti ya watu. Kisha nikabaki vilevile nilivyogeuka. Yohana alicheka kwanza. Aliponitazama usoni akaacha kucheka, akaita bajaji.

Nilidhani ni ya siku tatu. Mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa bado natembea kwa kushika ukuta, na hapo ndipo baba yangu alipofariki.

Nimejiuliza kama niliandike hili. Nitaliandika, maana bila hili hutaelewa kwa nini nilihangaika namna ile. Kwetu mtoto wa kiume hushuka kaburini kumpokea baba yake. Hakuna anayekufundisha, unakua unaona. Siku ile walishuka wawili, wakanitazama mimi niwe wa tatu. Nikajaribu kuinama nishike ukingo, mguu wa kulia ukakataa, jasho likanitoka nikiwa nimelowa mvua. Binamu yangu Jumanne akanigusa bega akasema, "Kaka, pumzika. Nitashuka mimi." Akashuka. Baba yangu akapokewa na Jumanne, mimi nimesimama juu nimeshika fimbo ya mtu. Udongo niliutupa kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko kiunoni.

Jioni ile niliingia chumbani alimokaa mama eda. Alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Sikuweza kukaa naye chini, nikasimama mlangoni kama mgeni.

"Baba yako amepokewa na Jumanne," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Sikulaumu, unaumwa. Ila mimi, Rajabu, unipokee wewe. Wewe nilikupokea peke yangu, mvua inanyesha hivihivi, mkunga yuko ng'ambo ya korongo hawezi kuvuka. Nilikushika kwa mikono yangu hii. Na siku yangu, nishike wewe."

Nikamwambia ataishi miaka mingi. Akaniambia hakuuliza hilo.

Basi ugonjwa wangu ukawa na kipimo. Wengine wanataka kupona warudi kazini, wacheze mpira, walale usingizi. Hata mimi nilitaka hayo. Lakini kila nilipouliza moyoni "nitapona?" maana yake ilikuwa: mama yangu ana miaka themanini na kitu, je, nitawahi?

Nikaanza kuzunguka. Kama hujawahi kukaa kwenye mabenchi ya hospitali na mgongo mbovu, shukuru. Yale mabenchi yametengenezwa kwa ajili ya watu wasioumwa. Unafika alfajiri, unapewa namba, unakaa, baada ya dakika tano unasimama, unaegemea nguzo, unakaa tena. Sisi wa mgongo tulijuana bila kutambulishana: ni wale walioegemea ukuta wakati viti vitupu vipo. Siku moja bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya macho, haoni vizuri kabisa, alisikia nikiguna. Akakunja shuka lake, akanipapasa, akaliweka nyuma ya kiuno changu. "Egemea hapo, baba." Sikumwona tena. Lile shuka lilikuwa na harufu ya moshi wa kuni, kama nyumba ya mama, na nilitamani namba yangu isiitwe upesi.

Nilipigwa picha, nikapewa vidonge vya maumivu, nikachomwa sindano. Nikavaa mkanda mpana wa kiunoni, Zaituni mke wangu ananifunga kila asubuhi kwa goti mgongoni mwangu. Nikapigwa chuku, zile pembe za kunyonya damu, mpaka mgongo ukawa na madoa ya mviringo. Nikachuliwa kwa mafuta ambayo hata mbuzi waliyakimbia. Na watu wote, ndugu, majirani, wenzangu wa msikitini, walinipa ushauri mmoja: lala, usijisogeze, mgongo unataka kutulia. Nikanunua godoro nene, nikalala. Mvua zikanyesha zikaisha, mtama ukakomaa mashambani, mimi niko kwenye godoro.

Mwili unaokaa bure unayeyuka, ndugu msomaji. Mapaja yangu yalikonda nikawa naogopa kuyaona wakati wa kuoga. Suruali nilizojishonea mwenyewe zikawa za mtu mwingine. Zaituni alinivalisha soksi, alinifunga viatu, alichota maji, alipika, akaenda sokoni, akarudi kunigeuza. Mimi malipo yangu kwake yakawa ulimi. Uji una sukari nyingi. Mlango mnaubamiza. Mbona umechelewa? Siku moja nilisukuma kikombe kikamwagika, naye akafuta sakafu pole pole, akamaliza, akasimama.

"Baba Mariamu," akasema, "mgongo unauma, tumekubali. Na mdomo nao unauma?"

Binti yetu Mariamu alicheka huko jikoni. Nilikasirika siku nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Msikitini nikawa wa kiti. Kiti cheupe cha plastiki, safu ya nyuma, pamoja na wazee ambao wana haki nacho. Wenzangu wakisujudu mimi nabaki peke yangu juu, natazama migongo ya watu. Mtu mzima nilikuwa naionea wivu migongo ya watu.

Sasa nifike kwenye kanzu, jambo ambalo Yohana mpaka leo akilikumbuka lazima aweke mkasi chini acheke vizuri.

Iddi ilikaribia. Nilikuwa na kanzu niliyoishona mwaka mmoja kabla, nyeupe, kazi ya mkono pale kifuani. Nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Pindo la kulia limegusa unyayo, la kushoto limepanda juu ya kifundo cha mguu. Nikajisemea, astaghfirullah, Rajabu, kumbe ulikosea kupima! Iliniuma, kwa maana sijawahi kukosea pindo. Nikatoa chaki, nikaweka alama mbele ya kioo, nikaitandika kitandani, nikaikata upande wa kulia mpaka pakawa sawa, nikapinda kwa mkono kwa sababu cherehani sikuiweza. Nilipoivaa tena ilikuwa imelingana kabisa. Nilifurahi mno. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya miezi mingi, na siku ya Iddi nilikwenda kuswali nimeinua kichwa, au nilidhani nimekiinua.

Kesho yake Zaituni aliifua akaianika. Akaniita uani. Kanzu ilikuwa inaning'inia kwenye kamba, mabega yamebanwa sawasawa, na chini imekwenda upande, vidole vinne vizima.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Ilikuwa haijakaa sawa."

Alinitazama mimi, akaitazama kanzu, kisha akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia. "Ilikuwa sawa," akasema. "Umeikata ikufuate ulivyopinda."

Nimepima maelfu ya watu. Mteja akiingia barazani, kabla hajasema salamu nimeshajua bega lipi limeshuka na mguu upi mfupi. Sisemi, naongeza pamba kidogo begani, natoa nusu inchi pindoni, na mtu anaondoka amenyooka. Ndiyo kazi. Na mimi mwenyewe nilijitazama kwenye kioo nikaona kosa liko kwenye kitambaa. Hilo lilinitia aibu kuliko soksi kuvalishwa.

Nilikuwa nimeandikiwa mara mbili kwenda kitengo cha mazoezi, pale mwisho wa korido ya hospitali, nikaikunja ile karatasi na kuiweka kwenye Kurani. Mazoezi ni ya wacheza mpira, nilisema. Zaituni akaitoa. Hakunibembeleza, alikwenda barabarani akasimamisha bajaji, akarudi kunifuata.

Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa Mariamu, mfupi, mcheshi, jina lake Neema.

"Shikamoo, baba. Vua viatu, tembea mpaka mlangoni urudi."

"Marahaba. Dokta, mimi nimekuja kutibiwa."

"Ndiyo tumeanza, baba. Na mimi si dokta."

Alinitembeza, alinikalisha, aliniinua. Akaangusha kalamu sakafuni makusudi na kuniambia niiokote. Niliinama kiunoni kama nilivyoinama maisha yangu yote, nikaishia njiani nikishika ukingo wa meza. Akaiokota mwenyewe. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia mahali pale.

"Kwenu nani alikuwa analima?"

"Wote. Ila kupalilia alikuwa mama."

"Alikuwa anainamaje? Hebu nionyeshe."

Nilimwona mzaha. Lakini nikapanua miguu, nikasukuma makalio nyuma, nikalegeza magoti, nikashika jembe lisilokuwepo. Mgongo ukalala bapa kama meza. Na nikiwa pale, nimeinama katikati ya chumba cha hospitali na soksi zimetoboka, nikamwona mama kabisa, kanga ameivuta juu ya magoti, ulezi unamfika kifuani, mkono mmoja jembe na mkono mwingine unang'oa magugu, anasogea mbele mstari kwa mstari, anaimba kwa sauti ya chini kana kwamba hafanyi chochote. Hakukunja kiuno. Alivunja nyonga, na mgongo ukamfuata. Sisi watoto tulikuwa tunamwekea kibuyu cha maji mwisho wa mstari ili tuone atafika lini.

"Inauma?" Neema akauliza.

Haikuuma. Miezi kumi nilikuwa sijainama bila kuumia, na nilipogundua nimeinama, nikaanza kulia hapohapo, kichwa chini, machozi yanadondoka moja kwa moja sakafuni.

"Kumbe unajua," akasema. "Mimi nilidhani nitakufundisha."

Sisemi mama hakuumwa. Uzeeni magoti yalimsumbua sana, na jembe lile lilimnyonya. Nasema tu kwamba nilipolikimbia jembe niliacha huko na vitu vingine ambavyo sikujua kwamba nitavihitaji.

Neema alinipa mazoezi ya nyumbani: kulala chali nikiinua makalio, kupiga magoti na mikono nikiunyanyua mgongo na kuushusha kama paka, kunyoosha paja mlangoni. Niliyafanya uani, na watoto wa jirani wakapanda juu ya ukuta kutazama sinema ya bure. Kutembea nilianza kwa kufika geti la jirani. Wiki ya pili, kwa muuza mkaa. Baadaye nikawa nafika mpaka mtaa wa Makole asubuhi kabla jua halijachoma, narudi kwa miguu, na wauza maandazi wakanizoea. Godoro nene tulimpa Mariamu.

Na kuhusu kazi, aliniuliza: "Ukishona unatazama saa?"

"Sina muda wa kutazama saa."

"Unajuaje muda umekwenda?"

"Bobini inaisha." Yaani kile kikebe kidogo cha uzi wa chini, kikiisha lazima usimamishe mashine ukijaze.

"Basi baba, bobini ikiisha, simama. Tembea mpaka nguzo ya mwisho ya baraza, urudi, ndiyo uijaze. Na hiyo pasi iende mbali."

Unaona alichonifanyia? Alichukua ile sifa yangu ya miaka thelathini akaigeuza ndani nje. Niliporudi barazani, kwanza saa moja kwa siku, Yohana alishaiweka pasi kule mwisho. Meza ya kukatia aliinyanyulia matofali mawili kila mguu ili nisiiinamie, na juu ya stuli akaniwekea blanketi lililokunjwa, nikikaa nyonga ziwe juu kuliko magoti. Kisha akakaa pembeni kunitania. "Jamani, msiogope mkimwona anapita pita. Huyu siku hizi ni mlinzi wa baraza." Wateja waliuliza, akawaeleza kwa mbwembwe. Lakini mwezi haukuisha nikamwona na yeye, bobini yake imeisha, anainuka anajifanya anatazama barabara.

Usidhani nilipanda tu kila siku kama ngazi. Wakati wa mavuno ya zabibu, mwezi wa nane, nilijiona nimepona. Ikaja kazi ya suti za harusi, nikakaa siku mbili kama Rajabu wa zamani, pasi nimeirudisha nyuma yangu. Siku ya tatu Zaituni alinivalisha soksi tena. Nilikwenda kwa Neema nimekata tamaa, nikamwambia tumepoteza mwaka mzima, mama yangu anazeeka na mimi nimerudi kulekule. Alikuwa anajua habari ya mama, nilishamwambia.

"Hujarudi kulekule," akasema. "Mgongo umekasirika tu. Na wewe usipokasirika, utatulia. Leo hatufanyi zoezi, tutatembea."

Tukatembea kwenye korido, yeye na miadi yake yote inayomsubiri, mimi na mkono ukutani. Tukafika mwisho, tukarudi. Hiyo pia niliihesabu kuwa dawa.

Mvua za mwaka uliofuata nilishuka kwenye mkeka. Alasiri moja, nyumbani, peke yangu, nilipiga goti moja, la pili, mikono, paji la uso. Nilikaa sijidani muda mrefu mpaka Zaituni akachungulia kuona kama niko hai.

Ukiniuliza leo nikushauri nini, sina mengi. Usilale kama nilivyolala. Sogea kidogo, hata ikiwa mpaka geti la jirani, na kesho sogea tena. Okota vitu kwa nyonga na magoti, kiuno kiache. Kitu kizito kikumbatie kifuani kabla hujakiinua. Kazi yako ya kukaa ina kitu kinachoisha kila baada ya muda. Kitafute, kikiisha simama. Mwombe radhi anayekuvalisha soksi. Na mguu ukifa ganzi au mkojo ukakutoka bila kujijua, achana na maandishi ya fundi cherehani, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka wa tatu, mtama ukiwa unakaribia kuvunwa, dada yangu Hadija anayeishi na mama alinipigia simu. Mama hali tena, alisema, anakunywa maji tu, na anakuulizia. Nilipanda basi la Kondoa asubuhi, na kila liliposimama nilisimama nami.

Nilikaa naye siku kumi na moja. Namshukuru Mungu kwa kila moja. Alikuwa amebaki mdogo kama mtoto wa shule, akili timamu, anataka jua. Hadija na wanawake walikuwa wakimsogeza kwa kumkokota na mkeka. Asubuhi ya kwanza nikawaambia waache. Nilipiga magoti, nikapitisha mkono mmoja mabegani na mwingine chini ya magoti yake, nikamleta kifuani kwanza, kisha nikainuka kwa miguu. Nikampeleka nje upande wa jua. Njiani alipitisha mkono wake nyuma yangu, akaubonyeza mgongo kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Umenyooka," akasema.

"Bado kidogo, mama."

"Umenyooka."

Kila siku nilimtoa na kumrudisha. Pale juani alinisimulia zile habari za siku niliyozaliwa, mvua, korongo limejaa, moto umezimika, yeye na mimi tu. Nilikuwa nimezisikia tangu utotoni, na nilimwomba azirudie. Alasiri nilikwenda shambani kumsaidia Hadija, na nilipoinama kwenye mtama niliinama kama yeye. Nilitumaini ananiona kutoka pale alipokaa. Macho yake hayakufika, lakini Hadija alimweleza.

Alifariki asubuhi ya siku ya kumi na mbili, kabla sijamtoa nje. Alioshwa na wanawake, akaswaliwa adhuhuri, tukampeleka.

Kaburini nilishuka wa kwanza. Jumanne alinishika kiwiko, nikamwambia niko sawa, naye akashuka nyuma yangu, na mpwa wangu mmoja akawa wa tatu. Juu walitandaza shuka kumsitiri, mle ndani pakawa na kivuli. Nikapanua miguu, nikalegeza magoti, nikanyoosha mikono. Wakamshusha. Nikamleta kifuani kama kila asubuhi, na alikuwa mwepesi kuliko kila asubuhi. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, tukamwelekeza kibla, tukafungua vifundo vya sanda.

Jumanne na mpwa wangu wakapanda. Mimi nilibaki nimeinama namwekea udongo nyuma ya mgongo wake asije akalala chali, donge moja moja, nikilibonyeza likae. Juu watu walikuwa wananisubiri. Walijua habari za kiuno changu, walikuwepo siku ya baba. Jumanne akanyoosha mkono chini.

"Kaka, inuka, utaumia. Lete mkono nikuvute."

"Ngoja," nikamwambia. "Bado namlaza mama."

Nikaendelea kuinama, kwa maana niliweza.